Duka la samaki la Njiro: pale wanapokuhesabia njiti kabla ya kukutajia bei

Mimi ni fundi cherehani, nashonea Ngarenaro. Kwa miaka sita sasa tangi la samaki limekaa dirishani mwa chumba changu cha kazi, pale wateja wanapokaa kusubiri kupimwa. Watoto wanaoletwa kushonewa sare za shule hutulia wakiliona, na hiyo peke yake imenitosha kuendelea kulitunza. Naandika haya kuhusu duka la samaki wa mapambo la Njiro kwa kuwa ndilo duka la kwanza hapa Arusha lililoniambia jina la samaki kabla ya kuniambia bei yake.

Duka halina bango. Ukiwa kipilefti cha Impala, panda kifodi cha Njiro, shuka kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, kisha uliza "kwa mzee wa samaki". Lipo uani, nyuma ya duka la nondo, mlango wa kijani wenye pazia la shanga. Masika njia ile inakuwa tope tupu, kwa hiyo vaa viatu usivyovionea huruma. Ndani kuna kiza kidogo. Siku ya kwanza kiza kile kilinifanya nisite mlangoni, nikidhani wamekatiwa umeme. Baadaye nilielewa kwamba samaki niliowafuata ni viumbe wa usiku, na mzee anawawekea mwanga hafifu makusudi ili watoke mafichoni mteja awaone.

Kisa changu kinaanzia duka jingine, ambalo sitalitaja. Tangi langu linapigwa na jua la asubuhi, hivyo kioo huota mwani wa kijani mpaka ndani hakuonekani. Nilipolalamika, muuzaji akanitolea samaki mdogo, mweusi mweusi, kichwa bapa, amejibandika kwenye kioo kwa mdomo. "Huyu ni msafishaji, dada. Anakula uchafu wote, na hakui zaidi ya hapo." Alikuwa na urefu wa kidole changu cha shahada. Sikuuliza jina, kwa sababu nilidhani msafishaji ndilo jina lake.

Baada ya mwaka na miezi minane nilimpima kwa futikamba akiwa amelala ubavuni mwa kioo: inchi 13. Tangi langu, kutoka kioo cha mbele hadi cha nyuma, lina inchi 14. Akitaka kugeuka ilimbidi aukunje mkia, kama watu wanaopitisha kochi kwenye korido nyembamba. Mimea yote ilikuwa imeng'olewa, maji yamejaa kinyesi kirefu kama nyuzi, na ule mwani niliomnunulia alikuwa haugusi tena. Nilimwonea huruma sana. Mteja wangu mmoja, kwa nia njema kabisa, akaniambia nikamtupe Mto Themi. Nashukuru kwamba nilisita, na nashukuru zaidi kwamba mwenye bodaboda aliyekuwa akisubiri suruali yake ndiye aliyeniambia kuna mzee Njiro anayejua samaki.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, binti. Umeleta au umekuja kuchukua?"

Nikampa simu yenye picha. Akaikuza kwa vidole viwili hadi pezi la mgongoni likajaa kioo chote, akavaa miwani, akaanza kuhesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu. Alifika kumi na mbili. Ndipo akavuta daftari lake la kaunta, akaandika neno refu ambalo sikuwahi kuliona: Pterygoplichthys. "Huyu ulikuwa unamfuga kwenye sufuria," akasema. "Wakubwa wao wanakaribia nusu mita." Hakunicheka, wala hakumsema vibaya yule aliyeniuzia.

Hapo ndipo nilipopata somo ambalo nimelibeba hadi leo, na ndilo ninaloona linalifanya duka lile listahili safari. Juu ya meza yake mzee ana samaki wawili waliokauka, kila mmoja kwenye ubao wake. Kambale wetu akikaushwa, kama hao wa Soko la Kilombero, hujikunja na kusinyaa mpaka umtambue kwa kichwa tu. Hawa wawili walikufa, wakakauka, na umbo lao lote likabaki, kwa sababu wamevaa mifupa kwa nje. Ni kambale pia, wa oda ile ile ya Siluriformes aliyomo kambale wa mitoni kwetu, ila wao ni wa familia ya Loricariidae, na jina hilo limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya deraya ya kifuani, ile vazi la askari wa zamani. Mwilini wana vibao vya mfupa vilivyopangwa kwa safu kutoka kichwani hadi mkiani, kimoja kikilalia kingine. Mimi macho yangu ni ya fundi, na nilichokiona ni mshono: kila kibao kimepita juu ya mwenzake kwa kiasi kile kile, hakuna pengo, na bado mwili unapinda. Mzee akaniambia nipitishe kidole. Kuelekea mkiani ni laini. Kuelekea kichwani ni msasa, kwa kuwa juu ya vile vibao kumeota vijimeno vidogo vingi, vya asili moja na meno ya mdomoni.

Familia hiyo ndiyo kubwa kuliko familia zote za kambale duniani, ina spishi zaidi ya 900, na kwao ni Amerika Kusini na kusini mwa Amerika ya Kati. Hakuna hata mmoja wa asili ya Afrika. Ukimwona mmoja wao kwenye mto wa kwetu, ujue kuna mtu alimwaga ndoo.

Kisha mzee akachukua kijiti cha meno, akalifungua pezi la mgongoni la samaki wa kwanza kama mtu afunguaye mwavuli mdogo. "Huu wa mbele ni mwiba mgumu. Usiuhesabu. Anza na njiti hizi laini zinazofuata, zinazochanua juu kama tawi." Nikahesabu kumi na mbili. Akafungua pezi la wa pili. Nikahesabu saba. Huyo wa pili, akasema, ni Ancistrus, na huyo ndiye niliyekuwa namtaka bila kujua: spishi nyingi zinazofugwa hazipiti inchi tano au sita, na mwani anaula hadi uzeeni. Ancistrus wengi wana njiti saba baada ya mwiba, baadhi ya spishi nane au tisa. Pterygoplichthys kwa kawaida wana kumi na kuendelea, na ndiyo maana pezi lao likisimama linaonekana kama tanga la mashua. Nimeshona sketi za marinda kwa miaka ishirini. Kuhesabu kinachojikunja na kujikunjua ndiyo kazi yangu, lakini kwa mwaka na miezi minane nilimtazama samaki yule kila siku na sikuwahi kuhesabu.

Nikadhani nimeshafuzu. Mzee akanirudisha nyuma. Kuna jenasi nyingine (jenasi ni kundi la spishi zilizo ndugu wa karibu), Hypostomus, nayo ina njiti saba, na baadhi ya samaki wake hukua kupita tangi langu. Huyo ndiye aliyetoa jina la pleko ambalo wauzaji humpachika kila samaki mwenye mdomo wa kunyonya. Linnaeus, mwanasayansi wa Uswidi, alimwandika mwaka 1758 kwa jina la plecostomus, na kwa sababu ya vile vibao vya mfupa akamweka kundi moja na Acipenser, samaki wa nchi za kaskazini wenye vibao vyao, wasiohusiana naye kabisa. Tangu mwanzo, basi, hawa samaki wamekuwa wakipewa nafasi isiyo yao na watu walioangalia deraya tu. Kwa hiyo baada ya njiti, angalia pua na tumbo. Ancistrus ukingo wa pua yake hauna vibao, ni ngozi tupu pana, na tumbo lake lote ni ngozi laini. Hypostomus na Pterygoplichthys hufunikwa na vibao hadi ukingo wa pua, na wakubwa wao hata tumboni wana vijibao vidogo. Samaki akijibandika kwenye kioo, zunguka upande wa pili umtazame kwa chini. Kwa samaki wa inchi mbili ambaye bado hajaota ndevu, hizo ndizo njia za kumjua, na muuzaji anayekataa usimtazame tumbo hakutaki mema.

Halafu shavu. Jina Ancistrus limetoka kwenye neno la Kigiriki la ndoana. Mwaustria aitwaye Rudolf Kner ndiye aliyeitaja jenasi hii mwaka 1854, akitumia pia samaki waliokusanywa Brazili na Johann Natterer, na spishi inayoshikilia jina la jenasi ni Ancistrus cirrhosus, ambayo Mfaransa Valenciennes alikuwa ameshaiandika mwaka 1836 chini ya Hypostomus. Ndoana zenyewe ziko shavuni: kishungi cha miiba iliyopinda ambayo samaki akitulia hulala chini ya kifuniko cha mashavu, na akiogopa huifunua kwa nje pande zote mbili. Mzee aliniomba nisubiri, akamsogelea dume mmoja kwa kikombe. Miiba ikafunuka ghafla, ikang'aa rangi ya dhahabu iliyofifia. Sikutegemea kitu kile kwa samaki mpole namna ile.

Kwa ajili ya miiba hiyo, duka hili halitumii wavu kuwakamata. Hili nalitaja kwa msisitizo kwa sababu kule nilikonunua mwanzo yule wangu alinaswa kwenye wavu, wakamkatia nyuzi kwa mkasi huku anahema. Njiro wanamswaga taratibu hadi aingie kwenye kikombe cha plastiki akiwa na maji yake. Kubeba pia wanatumia ndoo ndogo yenye mfuniko badala ya mfuko wa nailoni, maana mwiba wa pezi ukisimama hujifunga hapo hapo na kutoboa mfuko. Ndoo unairudisha ukija tena. Nimesafiri nayo kwenye kifodi kilichojaa kutoka Njiro hadi stendi ndogo na hakuna tone lililomwagika.

Nilinunua watatu, dume na majike wawili, kwa Sh 18,000 kila mmoja. Bei hiyo ni ya juu. Kwingine utampata "msafishaji" kwa nusu yake, lakini mimi nilishalipia nusu bei mara moja na najua iliishia wapi. Kwenye tangi la dukani kuna karatasi iliyoandikwa jina la jenasi, urefu wa utu uzima, joto analolitaka na chakula. Tangi la Ancistrus wa njano lina maandishi L144. Namba hizo zina historia yake: mwaka 1988 jarida la Kijerumani la DATZ lilianza kuwapa samaki wa familia hii namba yenye herufi L, kwa sababu wafanyabiashara walikuwa wanaleta samaki wapya haraka kuliko wanasayansi walivyoweza kuwapa majina. Hata Ancistrus wa kahawia wa kawaida, huyu ambaye amefugwa vizazi na vizazi duniani kote, wataalamu bado wanabishana aingizwe spishi gani. Mzee anaandika Ancistrus tu, anaishia hapo. Napenda uaminifu huo. Anaandika alichokithibitisha kwa macho na kijiti cha meno.

Kulikuwa na tangi moja la samaki wenye madoa meupe kama chumvi, na juu yake kibandiko: HAWAUZWI, WANATIBIWA. Nimezunguka masoko mengi ya kila aina katika maisha yangu. Muuzaji anayekuonyesha ugonjwa wa bidhaa yake mwenyewe namrudia.

Sasa maji. Waliokulia Arusha wanajua: maji yetu yanapita kwenye miamba ya volkano ya Meru, yana floraidi nyingi, na wengi wetu tuna madoa ya kahawia kwenye meno ya kushuhudia. Mzee alinitaka nilete chupa ya maji yangu ya Ngarenaro akayapime kwa karatasi zake, bila malipo, kabla hajakubali kuniuzia. Akanishauri nichanganye na maji ya mvua niliyoyakinga kwenye bati safi, na maji ya bomba niyaache kwenye ndoo wazi siku nzima yakipulizwa na pampu ya hewa. Sikuwahi kuambiwa hivyo kwingine. Kuhusu baridi, Ancistrus anavumilia kuliko samaki wengi wa nchi za joto, nyuzi 21 hadi 26 zinamfaa, lakini usiku wa Juni na Julai hapa kwetu chumba changu kinashuka chini ya hapo, hivyo hita ni lazima. Hita niliiona kwingine kwa Sh 38,000. Yeye anauza 45,000. Hapo simsifu.

Nyumbani, wiki ya kwanza sikuwaona. Wiki ya pili nilibaki kazini usiku kumalizia magauni ya harusi, nikazima taa kubwa, nikawakuta wote watatu kwenye kioo wakinionyesha midomo. Mdomo uko chini ya kichwa, mviringo kama kitufe kikubwa cha koti, midomo yake imejaa vipele vidogo, na ndani kuna safu za meno membamba yaliyojipinda nchani, kama chanuo. Wanakwangua. Ukiweka sikio karibu na kioo usiku kukiwa kimya unausikia mkwaruzo. Pembeni ya mdomo kuna sharubu mbili fupi, na hizo ni sharubu za kambale hasa. Ndevu za dume ni kitu kingine.

Hizo ndevu ndizo zinazowafanya wateja wangu waulize. Kwenye ule ukingo wa pua usio na vibao, dume anaota vijipanda vya nyama, virefu, vingine vinagawanyika kama matawi ya mti mdogo, na vinapanda hadi katikati ya paji la uso. Jike ana vifupi vichache ukingoni tu, au hana kabisa. Bibi mmoja aliyekuja kupunguza kitenge alisema dume wangu ana mizizi usoni. Mwaka 1999 watafiti walitoa wazo kwamba vijipanda hivyo vinaiga watoto wachanga wa samaki. Kwa jenasi hii dume ndiye anayelea mayai, na kwa wazo hilo jike hupenda dume ambaye tayari ana watoto wa kulinda, kwa hiyo mwenye ndevu nyingi anaonekana kama baba aliyeshathibitika. Tangu nisome hivyo kwenye daftari la mzee, namtazama yule dume kwa heshima nyingine.

Macho nayo yana pazia. Kuna kipande kidogo cha jicho lenyewe kinachoshuka kutoka juu ya mboni mwanga ukiwa mkali, mpaka mboni inabaki kama mwezi mwandamo. Usiku pazia hupanda na jicho huwa duara. Saa tatu asubuhi jua linapogonga tangi langu, naweza kumwona akilishusha.

Chakula nanunua kwa mama wa mboga jirani: mumunye, tango, mchicha uliopitishwa kwenye maji ya moto. Mzee alinipa pia kipande cha gogo la mpera lililokauka vizuri, kwa sababu wanakwangua hata mti. Kwa walionunua samaki wakitegemea kwamba msafishaji hahitaji kulishwa, tafadhali mwacheni aliyewadanganya. Kioo kikishakuwa safi, samaki asiyelishwa anakonda, tumbo linaingia ndani, na wewe huoni kwa kuwa mgongoni deraya inabaki na umbo lile lile. Tazama tumbo.

Mwezi wa tatu umeme ulikatika saa nane usiku hadi asubuhi. Pampu ikazima. Nilifika nikakuta samaki wangu wadogo watano wamekufa. Ancistrus wote watatu walikuwa hai, na niliwaona wakipanda juu mmoja mmoja, wanabugia hewa, wanashuka. Nilimpigia mzee simu nikilia, akanituliza, akaniambia wanaweza kuchukua oksijeni kupitia tumbo la chakula, lina mishipa mingi ya damu kwa kazi hiyo, lakini nisiwategemeze kwenye hilo. Siku hiyo hiyo alimtuma kijana wake na pampu ndogo ya betri, nikailipia kwa simu wiki iliyofuata. Huduma ya namna hiyo siwezi kuiwekea nyota za kutosha.

Nirudi kwa yule mkubwa. Mzee alimpokea bure. Uani ana bwawa la saruji la lita elfu tatu hivi, analoweka samaki walioletwa na watu waliouziwa bila maelezo. Nilipomweleza ule ushauri wa Mto Themi, ndiyo mara pekee niliyomwona amekasirika. Themi inashuka inaingia Kikuletwa, Kikuletwa inaingia Bwawa la Nyumba ya Mungu, na kutoka hapo ni Mto Pangani hadi baharini. Samaki wa jenasi hiyo wameshaachiwa na kuzaliana Florida, Mexico, Ufilipino, Bangladesh, na hata Afrika Kusini. Madume huchimba mashimo kwenye kingo za mito kwa ajili ya mayai, kingo zikaporomoka. Kwenye bwawa la Infiernillo huko Mexico wavuvi wa perege walijikuta wanavua deraya badala ya chakula, nyavu zimechanika. Mimi nina shangazi anayeuza perege wa Nyumba ya Mungu kule Moshi. Nilifikiria meza yake. Nikafikiria ile ndoo niliyokuwa nimeshaiandaa.

Yale mengine yasiyonipendeza nayaandika upesi. Hawatoi risiti mpaka uombe. Mzee asipokuwepo, kijana anayemshikia duka ni mwema ila bado anajifunza, aliwahi kunipa chujio lisilolingana na tangi langu ikabidi nirudi Njiro kwa nauli yangu. Mimea yao mara nyingi ina konokono. Jumapili hawafungui kabla ya saa nane mchana, na siku za kawaida mzee anaondoka saa kumi na moja jioni. Akiwa anahesabu njiti za samaki wa mteja mwingine, utasubiri. Usimharakishe. Natoa nyota nne, na ya tano ninaishikilia kwa ajili ya hita.

Mwezi wa saba nilikuta dume wangu haonekani kula. Alikuwa ndani ya kipande cha chungu nilichonunua hapo hapo dukani, chungu cha kienyeji kilichokatwa mdomo na kulazwa, Sh 4,000. Nilimulika kwa tochi ya simu. Chini ya tumbo lake kulikuwa na shada la mayai ya rangi ya chungwa, naye anayapepea kwa mapezi bila kupumzika. Jike akisogea, anamfunulia ile miiba ya shavuni. Mayai yalianguliwa siku ya sita. Watoto walibaki ndani ya chungu siku kadhaa wakiishi kwa kiini walichozaliwa nacho tumboni, kila mmoja na mdomo wake tayari amejibandika, huku baba amejaza mlango kwa mwili wake wote.

Walipofika inchi moja, niliwapeleka Njiro wale ambao tangi langu lisingewabeba. Mzee aliwahesabu wote kwa kikombe, akanipunguzia kiasi kwenye bei ya hita ya pili. Kisha akamtoa mmoja, akamweka kwenye kisahani cha kioo chenye maji, akavaa miwani, akalitazama pezi la mgongoni. Nilihesabu naye. Saba. Akafungua daftari akaandika: Ancistrus, 41, kutoka Ngarenaro.